Kutoka Dadu Hadi Kitenzi: Historia ya Maelezo ya Madhara katika Michezo ya Uhusika ya Mtandaoni, 1974–2004

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna madhara yanayoamuliwa na dadu yalivyoelezwa kwa wachezaji wa michezo ya uhusika kati ya mwaka 1974 na 2004. Inadai kwamba kila namna ya maelezo, iwe hesabu ya dadu, kima cha chini na cha juu, kitenzi au tarakimu kamili, ilimfunulia mchezaji jambo moja na kumficha jingine. Aidha, inaonesha kuwa dadu ilipohama kutoka mezani na kuingia ndani ya kompyuta, suala la hesabu liligeuka kuwa suala la uaminifu.

1.0 Utangulizi

Katika mchezo wa mezani, dadu kwa kawaida hurushwa mbele ya macho ya wote, na anayeshindwa hushindwa hadharani. Katika mchezo wa mtandaoni, seva hukokotoa namba ya nasibu mahali asipopaona mtu, kisha humletea mchezaji maelezo ya matokeo. Maelezo hayo ndiyo ushahidi pekee alionao. Kwa hiyo swali la insha hii si jinsi madhara yalivyokokotolewa, bali mchezaji aliruhusiwa kujua nini.

2.0 Urithi wa mezani

Kanuni za kwanza za Dungeons & Dragons, zilizoandikwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa mwaka 1974, zilitoa jibu rahisi: pigo lililofanikiwa liliondoa alama 1 hadi 6 za uhai, isipokuwa pale ilipoelezwa vinginevyo. Nyongeza iitwayo Greyhawk ya mwaka 1975 ilitofautisha silaha. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, upanga mrefu uliandikiwa 1–8 dhidi ya adui wa kimo cha binadamu, na rungu la miiba 2–8.

Kwa mtazamo wa haraka silaha hizo mbili zinakaribiana. Hata hivyo, 1–8 ni dadu moja ya pande nane, ambapo kila matokeo yana nafasi sawa ya 1 kati ya 8. Kwa upande mwingine, 2–8 ni dadu mbili za pande nne. Kati ya miangukio yake 16, minne huzaa 5 na mmoja tu huzaa 8. Wastani wa upanga ni 4.5 na wa rungu ni 5, lakini nafasi ya upanga kufikia 8 ni maradufu ya ile ya rungu. Maandishi ya kima cha chini na cha juu yaliyaficha haya yote, na msomaji alipaswa kuyang'amua mwenyewe.

Jambo la pili ni maana ya alama zenyewe. Katika mwongozo wake wa mwaka 1979, Gygax alieleza kuwa alama za uhai si nyama na damu peke yake, bali pia ustadi na bahati. Kwa maana hiyo, kupoteza alama si lazima kuwe kujeruhiwa. Tofauti hiyo haikudumu baada ya mchezo kuhamia kwenye kompyuta.

3.0 Ngazi ya vitenzi

MUD ya kwanza ilianzishwa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex na Roy Trubshaw, na kuendelezwa na Richard Bartle. Mfumo ulioathiri zaidi lugha ya mapigano ni DikuMUD, uliotolewa mwaka 1991 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Copenhagen. Ndani yake, silaha ilihifadhiwa kama idadi ya dadu na idadi ya pande zake, lakini matokeo yalitangazwa kwa maneno ya Kiingereza yaliyopangwa kama ngazi. Pigo dogo kabisa "lilitekenya". Pigo kubwa kabisa lilikuwa "mauaji ya halaiki". Kila pigo lilikuwa na matini tatu: moja kwa mpigaji, moja kwa mpigwaji, na moja kwa waliokuwa wakishuhudia. Mpigwaji aliweza kuangalia alama zake kwa tarakimu, ilhali mpigaji aliambulia kitenzi tu.

Ngazi hii ilikuwa na kasoro ya msingi. Kitenzi kilichaguliwa kwa idadi ya alama zilizoondolewa, bila kujali mpigwaji alikuwa na alama ngapi. Hali ya mpigwaji ilielezwa kando, kwa asilimia iliyovikwa maneno, kuanzia mzima kabisa hadi anayevuja damu vibaya. Mchezaji alisoma mizani miwili isiyolingana kwa wakati mmoja.

Matokeo yake yanaonekana katika Merc, mfumo uliotokana na Diku na kutolewa mwishoni mwa mwaka 1992. Humo alama 1 hadi 4 "zilikwaruza", 5 hadi 8 "zilichubua", na 9 hadi 12 "zilipiga". "Mauaji ya halaiki", yaliyokuwa kilele katika Diku, sasa yalianzia alama 49 na kuandikwa kwa herufi kubwa. Juu yake viliongezwa vitenzi viwili vilivyozungushiwa nyota, cha mwisho kikiwa cha mapigo yaliyozidi alama 100. Huu ni mfumuko wa maneno: kadiri wahusika walivyoongezewa nguvu, ndivyo neno kali lilivyopungua thamani.

Ujuzi wa dadu zenyewe uliwekwa ndani ya mchezo kama kitu cha kutafutwa. Uganga wa kutambua vitu katika Diku ulitaja dadu za silaha. Merc ilitaja kima cha chini, cha juu na wastani. ROM, iliyozaliwa na Merc, ilirudisha dadu pamoja na wastani.

4.0 Kurejea kwa tarakimu

EverQuest ya mwaka 1999 ilibakiza sentensi lakini ikaweka ndani yake idadi kamili ya alama. Silaha, hata hivyo, ilioneshwa kwa namba moja ya madhara na muda wa kusubiri, bila kanuni inayoviunganisha, hivyo wachezaji wakalazimika kuikisia kutokana na kumbukumbu za mapigano. Neverwinter Nights ya mwaka 2002 ilichagua uwazi: ilionesha mwanguko wa dadu ya pande 20, nyongeza zake na jumla. World of Warcraft ya mwaka 2004 iliandika kima cha chini, cha juu na wastani kwa sekunde, huku tarakimu zikielea juu ya adui.

5.0 Hitimisho

Historia hii si safari nyoofu kutoka gizani kuelekea nuruni. Tarakimu humwambia mchezaji kiasi, lakini haimwambii uzito wake kwa aliyepigwa. Kitenzi hudai kueleza uzito, lakini katika Diku na Merc kilikuwa tarakimu iliyovaa joho. Dadu iliyoonekana mezani haikuhitaji kuaminiwa. Dadu ya seva huaminiwa kwa kadiri ya lugha inayoisemea, na kwa hiyo mtafiti wa michezo hii hana budi kuisoma lugha hiyo kama sehemu ya kanuni zenyewe.