Uzito wa triga: Wepesi uliopita kiasi humponza mlenga shabaha

AGOSTI 17, 2008, mjini Beijing, mlenga shabaha wa Marekani, Matthew Emmons, alibakiwa na risasi moja tu kabla ya kutwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki katika shindano la bunduki la mita 50, mikao mitatu. Alikuwa akiongoza kwa pointi 3.3, pengo ambalo kwa mpigaji wa kiwango chake ni kubwa mno. Hata risasi ya wastani ingemtosha.

Alipokuwa akiishusha bunduki taratibu kuelekea katikati ya shabaha, kidole kikaigusa triga kabla hajawa tayari. Risasi ikatoka, na ubao wa matokeo ukaonyesha 4.4. Dhahabu ikaenda kwa Qiu Jian wa China, fedha kwa Yuriy Sukhorukov wa Ukraine na shaba kwa Rajmond Debevec wa Slovenia. Emmons akaambulia nafasi ya nne.

Tukio hilo liliwakumbusha wapenzi wa mchezo huo jambo ambalo watazamaji wengi hawalioni kwenye runinga, nalo ni uzito wa triga. Wanaoanza mchezo huu hudhani kuwa triga ikiwa nyepesi zaidi ndivyo inavyokuwa bora zaidi. Ukweli ni kwamba uzito unaofaa ni ule unaomwezesha mpigaji kuamua mwenyewe ni lini risasi itoke, bila kuisumbua bunduki.

Maana ya uzito wa triga

Uzito wa triga ni nguvu ambayo kidole hulazimika kutumia hadi bunduki ifyatuke. Hupimwa kwa gramu au kilo, na Wamarekani huupima kwa ratili na aunsi.

Ndani ya bunduki, nyundo au pini inayokwenda kuigonga risasi husukumwa na springi yenye nguvu, lakini huzuiwa na kipande kidogo cha chuma kilichochongwa kwa uangalifu. Triga inapovutwa, kipande hicho huteleza na kuiachia pini. Nguvu ya springi za triga, upana wa sehemu ambayo vyuma hivyo viwili vinagusana, na ulaini wa nyuso zake ndivyo huamua uzito ambao kidole kitausikia. Katika bunduki za mashindano, mambo hayo hurekebishwa kwa skrubu ndogo zilizo karibu na triga.

Tofauti kati ya bunduki na bunduki ni kubwa. Bunduki nyingi za uwindaji hutoka kiwandani zikiwa na triga ya kilo moja na nusu hadi kilo tatu. Bunduki za mashindano ya Olimpiki kwa kawaida huwekwa kwenye gramu 100 hivi. Wapo pia wanaoshindana huku bunduki imelazwa juu ya mifuko ya mchanga mezani. Hao hutumia triga za aunsi mbili, yaani takriban gramu 57.

Kwa nini triga nzito huharibu shabaha

Katika shindano la bunduki ya upepo la mita 10, alama ya kumi ni kitone chenye kipenyo cha nusu milimita tu. Mdomo wa mtutu uko kiasi cha mita moja kutoka begani mwa mpigaji. Ukisogea kando kwa sehemu moja ya ishirini ya milimita, mlengo huhama kwa nusu milimita nzima kwenye shabaha. Huko ni kuhama kusikozidi unene wa unywele.

Kanuni haziruhusu bunduki hiyo kuzidi kilo 5.5. Kama triga yake ingedai kilo mbili, kidole kingevuta kwa nguvu inayozidi theluthi moja ya uzito wa bunduki yote. Viganja vingelazimika kukaza ili kupingana na mvuto huo, na kidole kisipovuta moja kwa moja kuelekea nyuma, mtutu ungepinda upande. Aidha, triga nzito humchelewesha mpigaji: pumzi humwishia, macho huchoka, na mwishowe huivuta kwa pupa ili amalize.

Kwa nini nyepesi mno nayo ni hatari

Kidole ni kiungo chenye mipaka. Mwanzoni mwa shindano mpigaji anaweza kuisikia triga ya gramu 50 vizuri sana. Lakini moyo unapokwenda mbio, jasho linapotoka au baridi inapoingia vidoleni, hisia hiyo hupungua. Matokeo yake ni kwamba kidole hakitambui kuwa kimekwishaigusa triga, na risasi hutoka ikiwa bado safarini kuelekea katikati.

Madhara mengine huja polepole. Mpigaji aliyewahi kushtukizwa na triga yake huanza kuiogopa. Hukiweka kidole mbali, hukileta kwa kukirukisha, na badala ya kuibana triga kwa upole huishia kuichapa. Hapo faida yote ya wepesi huwa imepotea.

Kanuni zinasemaje

Kabla ya kufikiria starehe ya kidole, mpigaji hana budi kujua kanuni za shindano lake. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Kulenga Shabaha (ISSF) haliweki kiwango cha chini cha uzito wa triga kwa bunduki ya upepo ya mita 10 wala kwa bunduki ya mita 50. Kwa bunduki ya kawaida ya mita 300, hata hivyo, kiwango cha chini ni gramu 1,500. Kwa kulinganisha, bastola ya upepo ya mita 10 haitakiwi kuwa chini ya gramu 500.

Katika baiathloni, mchezo wa majira ya baridi unaochanganya mbio za kuteleza kwenye theluji na kulenga shabaha, kiwango cha chini ni gramu 500. Sababu yake inaeleweka: mpigaji hufika uwanjani akihema, vidole vimekufa ganzi, na bunduki ameibeba mgongoni njia nzima. Nchini Marekani, mashindano ya bunduki za aina ya kijeshi hudai triga isiyopungua ratili nne na nusu, sawa na kilo mbili na ushei.

Upimaji wenyewe ni rahisi. Mtutu husimamishwa wima, uzani uliokubalika hutundikwa kwenye triga, kisha bunduki huinuliwa. Iwapo uzani huo utanyanyuka kutoka mezani bila bunduki kufyatuka, imefaulu. Kwa sababu springi huweza kulegea na vumbi au mafuta kubadilisha mwendo wa vyuma, wapigaji makini huacha akiba ya gramu kadhaa juu ya kiwango. Kuifikisha triga kwenye gramu 500 kamili ni kujitafutia kufutiwa matokeo.

Hatua moja au mbili

Uzito peke yake hauelezi kila kitu. Triga ya hatua moja haina mwendo wa awali. Kidole hukutana na ukinzani mara moja, na ukishindwa, bunduki hufyatuka. Triga ya hatua mbili husogea kwanza kwa wepesi, kisha husimama kana kwamba imegonga ukuta. Hapo mpigaji hujua kuwa kinachobaki ni nyongeza ndogo tu.

Wapigaji wengi wa bunduki za Olimpiki hupendelea hatua mbili, kwa kuwa hatua ya kwanza hukipa kidole taarifa. Ikiwa triga nzima ni gramu 100, inawezekana kuweka sehemu kubwa ya uzito huo katika hatua ya kwanza na kuiachia ya pili kiasi kidogo. Kwa namna hiyo, kidole hupumzika juu ya triga kwa uthabiti, na wakati huohuo risasi hutoka kwa nguvu ndogo.

Namna ya kuchagua

Ushauri unaofaa kwa anayeanza ni kuanza juu na kushuka polepole. Kwa bunduki ya mita 10 au 50, anaweza kuanzia gramu 150 hadi 200, akapiga kwa majuma kadhaa, kisha akapunguza kidogo kidogo. Baada ya kila badiliko, apime uzito mara tano au zaidi. Triga inayotoa gramu 150 kila mara ni bora kuliko ile inayoyumba kati ya 70 na 110.

Kigezo kikuu ni kuitabiri risasi. Mara tu baada ya kufyatua, na kabla ya kutazama matokeo, mpigaji ataje mahali anapoamini risasi imegonga. Utabiri ukilingana na shabaha mara nyingi, triga inamtii. Risasi zikitoka kabla hajaamua, triga ni nyepesi kuliko kidole chake. Akijikuta anashikilia pumzi kupita kiasi, au mtutu ukitikisika wakati wa kuvuta, huenda ni nzito.

Jaribio hilo lifanyike pia mwili ukiwa umechoka, mapigo ya moyo yakiwa juu na mikono ikiwa baridi, kwa kuwa hivyo ndivyo hali itakavyokuwa siku ya fainali. Uzito uliochaguliwa katika utulivu wa mazoezi peke yake mara nyingi huwa mdogo mno. Vilevile, si busara kubadilisha triga siku chache kabla ya shindano. Kidole huhitaji muda mrefu wa mazoezi, yakiwemo ya kufyatua bila risasi, kabla ya kuizoea.

Usalama kwanza

Kupunguza uzito kwa kulegeza springi au kupunguza mshikano wa vyuma kuna kikomo. Kikomo hicho kikivukwa, bunduki huweza kufyatuka yenyewe inapogongwa, inapoanguka au bolti inapofungwa kwa nguvu. Kwa hiyo, kila baada ya marekebisho, bunduki isiyo na risasi ifungwe bolti kwa kishindo mara kadhaa na kitako kigongwe kwa kiasi, mtutu ukielekezwa mahali salama. Ikifyatuka hata mara moja, irudishwe kwa fundi.

Triga ya bunduki ya uwindaji au ya kijeshi haikutengenezwa kwa ajili ya gramu 100, na kuichonga kwa tupa nyumbani ni kuhatarisha maisha. Bunduki ya porini hubebwa ikiwa na risasi, katikati ya watu, miiba na mawe. Uzito wa triga yake ni sehemu ya kinga. Ile ya mashindano hujazwa risasi ikiwa imekwishaelekezwa kwenye shabaha, chini ya amri ya msimamizi, na ndiyo maana wepesi wake huvumilika.

Hata hapo, kanuni ya kidole haibadiliki: kikae nje ya triga hadi macho yawe juu ya shabaha na mpigaji awe ameridhia risasi itoke.