Mnada Ambao Aliyeshindwa Hulipa

Neno mnada ni la ukoo mmoja na neno kunadi, yaani kutangaza bidhaa kwa sauti ili anayeitaka ajitokeze. Mtangazaji huyo huitwa dalali. Kazi yake ni ya zamani sana, wala haikuwa safi nyakati zote: huko Unguja, mpaka soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, dalali aliwatembeza binadamu wenzake mbele ya wanunuzi na kutaja bei zao kama atajaye bei ya pembe. Hata hivyo, mnada wa bidhaa halali una kanuni moja ambayo watu wa kila nchi waliielewa bila kuandikiwa. Anayetaja bei kubwa kuliko wenziwe hutoa fedha na kuchukua kitu. Waliosalia hurudi makwao na fedha zao zote. Katika miaka hii yetu umezuka mnada wa namna nyingine, ulioivunja kanuni hiyo, na ambao ulifika mpaka kwetu Meru na Embu kabla hatujapata jina la kuuita.

Sisi wakaao upande wa mashariki wa Mlima Kenya tumelishwa na mnada, ijapokuwa wengi wetu hatujauona kwa macho. Nasema juu ya kahawa. Hapo zamani za ukoloni kahawa ya arabika ilikuwa mali ya walowezi, na Mwafrika hakuruhusiwa kuipanda. Walowezi walisema ati mashamba ya Waafrika yangeleta magonjwa ya mimea na wizi. Hawakupenda kusema kwamba mtu mwenye kahawa yake hatakwenda kuchuma ya jirani kwa ujira mdogo. Katika miaka ya 1930 serikali ilikubali kufanya jaribio, tena mahali palipokuwa mbali na mashamba ya Wazungu: Kisii, Embu na Meru. Miche ilihesabiwa na kukaguliwa kama wafungwa. Baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndipo kahawa ilipoenea kwa wingi katika mashamba madogo. Na baridi kali ya mwaka 1975 ilipoua mikahawa ya Brazil, bei ilipanda hata katika miaka ya 1976 na 1977 wazee wetu wakajenga nyumba za mawe, wakalipa karo bila kuuza ng'ombe. Wazee wangali wakiitaja miaka ile kama watu wataja harusi.

Kahawa hiyo huuzwa Nairobi kwa mnada, kwa desturi siku ya Jumanne. Wanunuzi huwa wamekwisha kupokea sampuli na kuionja. Wameketi pamoja, kila mmoja amwona mwenzake, na bei hupanda kwa dola kwa kila kilo 50. Mnunuzi aliyezidiwa katika fungu moja hupoteza dakika chache tu za asubuhi yake. Fedha zake zi salama, aweza kujaribu fungu linalofuata. Mkulima ana malalamiko mengi, nayo ni ya haki: chama cha ushirika hukata chake, mwenye kinu hukata chake, wakala hukata chake, na malipo huchelewa. Lakini hayo ni malalamiko juu ya njia ndefu itokayo mnadani hadi Runyenjes au Nkubu. Mnada wenyewe, ukiendeshwa kwa uaminifu, haumli mtu kwa sababu ya kuja kwake.

Sasa na twende Munich, mji wa Ujerumani. Mwaka 2005 ilianza huko biashara iliyoitwa Telebid, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Swoopo, ikaenea hata Uingereza na Marekani kwa njia ya intaneti. Iliuza kwa mnada kompyuta, kamera na televisheni. Lakini mtu hakuweza kutaja bei bure; ilimpasa kwanza kununua haki ya kutaja bei, na haki hiyo ilitumika mara moja tu. Kila alipobonyeza kitufe, haki yake moja ilikwisha, bei ya kitu ikapanda kwa senti chache, na saa ya mnada ikaongezewa sekunde kadhaa. Saa ikifika mwisho pasipo mwingine kubonyeza, aliyebonyeza mwisho ndiye mshindi. Waliosalia hawakurudishiwa kitu.

Msomaji achukue kalamu na karatasi, kwa kuwa ujanja wa jambo hili umo katika hesabu. Tuseme simu yenye thamani ya shilingi 20,000 yanadiwa hivyo. Kila dau lagharimu shilingi 20, na kila dau lapandisha bei kwa shilingi 1. Mnada unakwisha bei ikiwa shilingi 1,800. Magazeti yatapiga mbiu: simu ya 20,000 imeuzwa kwa 1,800! Nayo yatakuwa yamesema kweli. Mshindi, tuseme, alibonyeza mara 150. Ametoa 3,000 kwa madau na 1,800 kwa simu, jumla 4,800, naye amefurahi. Lakini bei haikupanda yenyewe mpaka 1,800. Ilipandishwa na madau 1,800, na kila moja lililipiwa shilingi 20, yaani shilingi 36,000. Ongeza bei ya simu, na mwenye mnada amepokea 37,800 kwa kitu cha 20,000. Katika fedha hizo, 33,000 zimetoka kwa watu ambao hawakupata hata kifuniko cha simu.

Mtaalamu mmoja wa uchumi wa Marekani, Ned Augenblick, alichunguza minada ya Swoopo zaidi ya 160,000. Katika kazi yake iliyochapishwa mwaka 2016 alionyesha kwamba, kwa wastani, mapato ya mwenye mnada yalizidi mara moja na nusu ya thamani ya vitu vilivyouzwa. Mtu atauliza: kwa nini wenye akili timamu waliendelea kubonyeza? Jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa miaka mingi kabla ya intaneti kuwako. Mwaka 1971 Martin Shubik, Mmarekani vilevile, alieleza mchezo wa kuuza dola moja kwa mnada. Mwenye bei kubwa huchukua dola. Lakini wa pili naye hulipa alichotaja, asipate kitu. Bei ikikaribia dola nzima, yule wa pili huona afadhali ataje zaidi ya dola kuliko kupoteza yote aliyokwisha kutaja. Basi watu wazima hununua dola moja kwa dola mbili au tatu. Kinachomvuta mtu si kitu tena. Ni fedha zake mwenyewe zilizokwisha kupotea, ambazo adhani zamwita nyuma yake.

Swoopo ilifilisika mwaka 2011, lakini nyingine za namna yake zilikuwa zimekwisha kuota. Mwaka uo huo Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani iliwaonya wananchi juu ya minada hiyo. Mwaka uliofuata, 2012, ilivunjwa Zeek Rewards ya North Carolina, ambayo ilijivika vazi la mnada wa namna hii huku ikiwaahidi watu fungu la faida. Ilikuwa imekusanya kiasi cha dola milioni 600, na faida waliyolipwa wa kwanza ilitoka katika mifuko ya wa mwisho.

Huku kwetu mnada huu haukuja kwa kompyuta, bali kwa ujumbe wa simu. Mimi mwenyewe naujua, kwa kuwa nililipa. Ilikuwa yapata mwaka 2010, nami nasoma katika chuo cha ualimu. Tangazo lilitutaka tutaje bei ya gari, nasi tukaambiwa jambo la kushangaza: mshindi si mwenye bei kubwa, bali mwenye bei ndogo kuliko zote ambayo hakuna mwingine aliyeitaja. Mtu akitaja shilingi 14 na mwingine popote nchini akitaja 14, wote wawili wameanguka. Kila ujumbe ulikatwa shilingi 30 katika salio. Jibu lilirudi upesi, tena kwa adabu: bei yako imetajwa na mwingine, jaribu tena. Nilijaribu mara kumi na saba. Shilingi 510, na ilikuwa nauli yangu ya kurudi nyumbani.

Ilinilazimu kumpigia baba simu na kumweleza. Baba ni mkulima wa kahawa, naye husema maneno machache. Aliniuliza, "Mlikuwa wangapi?" Nikasema, "Sijui, Baba." Akauliza, "Dalali alikuwa nani?" Nikasema sijui. "Na wale wenzako walitaja bei gani?" Hilo nalo sikulijua. Akanyamaza kidogo, kisha akanitumia nauli kwa simu, wala hakunitajia jambo hilo tena mpaka leo.

Maswali yale matatu yamekaa kichwani mwangu, na kila nionapo mtu akijadili iwapo minada hii yawadhulumu wanunuzi au la, huyarudia. Wanaoitetea husema kwamba mtu mzima amekubali kwa hiari yake, kwamba bei ya dau imetajwa wazi, na kwamba wako wapatao. Nakiri kuwa wapo. Lakini hiari ya mtu yategemea yale ayajuayo, na mlipaji huyu hujua gharama ya dau lake moja tu. Hajui idadi ya wenziwe, wala jumla ya fedha zilizokwisha kukusanywa, wala kama mpinzani wake ni mtu au ni programu ya kompyuta. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu kile anunuacho, na yalinda masilahi yake ya kiuchumi. Sheria ya kumlinda mnunuzi ikafuata mwaka 2012. Kwa maoni yangu, mnada unaomficha mlipaji hesabu yake hauwezi kusimama mbele ya kifungu hicho.

Ugumu mmoja ulikuwa katika jina. Sheria ya kamari ya Kenya ilitungwa mwaka 1966, wakati mtu alipohitaji kwenda mahali fulani ili acheze: klabu, ukumbi, au dirisha la kuuzia tikiti. Mwenye mnada wa kulipia dau aliweza kusema, "Mimi ni mfanyabiashara, nauza bidhaa." Akiulizwa na watu wa biashara mbona bidhaa ni moja na walipaji ni maelfu, aliweza kusema ni mchezo. Kama popo wa hadithi, kwa ndege alikuwa mnyama, na kwa wanyama alikuwa ndege.

Zaidi ya hayo, mlango ulikuwa umekwisha kufunguka. M-Pesa ilianza mwezi wa Machi 2007, ikawa baraka kubwa kwa mzazi wa Laare mwenye mtoto shuleni mbali. Lakini fedha ziingiazo mfukoni kwa kidole hutoka kwa kidole kilekile. Kubashiri mpira kulienea mno baada ya mwaka 2014. Mwaka 2019 serikali ilikataa kuongeza leseni za makampuni 27 ya kamari, lakini michezo haikuondoka. Ukaja ule wa ndege ndogo ipaayo katika kioo cha simu: thamani ya dau yapanda pamoja nayo, na asiyetoa fedha zake kabla ndege haijatoweka hupoteza zote. Mwishoni mwa Aprili 2025 matangazo ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30, na mwezi wa Agosti mwaka huo ikatiwa sahihi sheria mpya ya kuchukua nafasi ya ile ya 1966. Atazamaye kwa makini ataona ni mashine ileile ya Munich: fedha kidogo, sekunde chache, na hasara ya jana imsukumayo mtu leo. Simu ya kunadiwa tu ndiyo iliyoondolewa mezani, kwa kuwa haikuhitajika tena.

Katika nchi yetu jambo hili lina uzito wake. Kahawa hulipa mara chache kwa mwaka, na fedha zake zina majina kabla hazijafika: karo, mbolea, deni la duka. Miraa ya Igembe na Tigania, na muguka wa Mbeere, hulipa papo kwa papo, na mchumaji ni kijana mwenye simu. Nimewaona wakikaa chini ya mti baada ya kulipwa, vichwa vimeinama, kimya kama watu wasomao sala.

Muhula uliopita niliiandika ile hesabu ya simu ya shilingi 20,000 ubaoni, nikawaacha wanafunzi wa kidato cha tatu waitafute jumla wenyewe. Walipofika kwenye 37,800 darasa lilinung'unika. Mvulana mmoja wa nyuma akainua mkono, akasema kwamba yeye angekuwa yule aliyebonyeza mara 150. Nikamwuliza angezipata wapi shilingi 3,000. Akafikiri, akasema angeanza na ishirini.