Babu yuko faili gani?

Dada mmoja wa Sinza alipanda basi la Kagera kumtafuta babu yake kwenye makaratasi. Si mambo ya kujifurahisha hayo: kibanja cha migomba kina mgogoro na hati hakuna.

Akaanzia Kyerwa. Hola! Wilaya yenyewe imemegwa kutoka Karagwe 2012 tu, hivyo karatasi za zamani zimeandikwa Karagwe. Kabla ya 1979 mkoa uliitwa Ziwa Magharibi, na enzi za Mwingereza Karagwe ilikuwa ndani ya Wilaya ya Bukoba. Ardhi haikuhama, wahamaji ni mafaili!

Kisha majina. Kwa Wanyambo wa zamani, baba na mwana si lazima washiriki jina, sasa utatafutaje? Mzee wa kijijini wala hakuangalia kitambulisho chake. “Muziro wenu nini?” Dada kimya. Ikabidi ampigie shangazi yake, akajibu papo hapo.

Hapo ndipo daftari la ubatizo la parokia likaanza kusema: wazazi, msimamizi, na pembeni ndoa ya babu. Ya pili, ambayo nyumbani haikuwahi kutajwa.