Safari ya Kumtoa Mgonjwa Kwenye Mashine ya Kupumulia

Wanaosimulia historia ya mashine za kupumulia hupenda kuanzia Boston, mwaka 1928, Philip Drinker na Louis Agassiz Shaw walipotumia kwa mara ya kwanza lile sanduku la chuma lililommeza mgonjwa mwili mzima, kichwa tu kikabaki nje. Tiba tunayoiona leo katika vyumba vya wagonjwa mahututi, hata hivyo, ina asili yake Copenhagen, Denmark.

Mwaka 1952 polio iliukumba mji huo vibaya. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na sanduku moja la kupumulia na mashine sita ndogo za kuvishwa kifuani, ilhali waliopooza misuli ya kupumua walimiminika. Kati ya 31 wa kwanza, 27 walifariki. Mkuu wa hospitali, H.C.A. Lassen, akamwita daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen. Ushauri wake: koo litobolewe, upitishwe mpira, kisha hewa isukumwe mapafuni kwa kubana mfuko kwa mkono. Tarehe 27 Agosti akaijaribu njia hiyo kwa msichana wa miaka 12 aliyekuwa karibu kukata roho, naye akanusurika. Basi wakaitwa wanafunzi wa udaktari, jumla yao wapatao 1,500, wakapokezana zamu usiku na mchana kubana mifuko kando ya vitanda.

Mkono una sifa moja ambayo injini za wakati ule hazikuwa nayo: humhisi mgonjwa anapoanza kuvuta hewa mwenyewe. Mashine zilipochukua nafasi ya wanafunzi, na dawa za usingizi zikawa desturi, ikawa vigumu kujua nani yuko tayari kujitegemea. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kisio la daktari.

Mwaka 1973 John Downs na wenzake wa Florida walipendekeza mashine impe mgonjwa pumzi chache kwa dakika, nyingine avute mwenyewe, na zile za mashine zipunguzwe kidogo kidogo. Njia hiyo ilienea sana. Nani angepinga kwenda taratibu?

Waliopinga walikuja na takwimu. Mwaka 1991 Karl Yang na Martin Tobin walitoa hesabu nyepesi ajabu: idadi ya pumzi kwa dakika igawanywe kwa ujazo wa kila pumzi katika lita. Jibu likizidi 105, yaani mgonjwa anahema harakaharaka kwa pumzi fupi, kuna uwezekano mkubwa atashindwa. Miaka minne baadaye Andrés Esteban na wenzake nchini Hispania walichukua wagonjwa 546 walioonekana kuwa tayari, wakawaacha wapumue wenyewe kwa saa mbili. Waliozidiwa walikuwa 130 tu. Hao 130 wakagawanywa kwa njia mbalimbali, na jaribio moja la kupumua kila siku likawatoa kwenye mashine haraka takriban mara tatu kuliko njia ya Florida. Ule utaratibu wa hatua kwa hatua ulikuwa unawachelewesha watu.

Na kuchelewa kuna gharama. Utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kiwambo, msuli unaotenga kifua na tumbo, kikikaa bila kazi kwa saa 18 hadi 69, nyuzi zake hunywea hadi zaidi ya nusu.

Mwaka huohuo Timothy Girard na wenzake, Marekani, walijaribu kusitisha dawa za usingizi kila asubuhi kabla ya jaribio la kupumua. Wagonjwa hao walitoka mapema kwenye mashine, na vifo vyao ndani ya mwaka vilikuwa vichache. Walikuwa na ukorofi wao pia: 16 walichomoa mpira wenyewe, dhidi ya 6 wa kundi la kawaida. Kati ya hao 16, waliohitaji kurudishiwa walikuwa 5 tu. Wengine 11 walikuwa tayari, madaktari ndio waliokuwa nyuma.