Ndugu ni Kufaana

Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliufanya mto Songwe kuwa mpaka. Wanyakyusa wakabaki upande huu wa Kyela, ndugu zao Wangonde wakabaki upande wa Karonga. Huku Kiswahili kikatuletea neno shule, lililotoka kwa Wajerumani. Kule Kichewa kina sukulu, lililotoka kwa Waingereza. Hata hivyo, Mnyakyusa akivuka daraja la Kasumulu leo huongea na Mngonde bila mkalimani. Nami huufikiria udugu huo kila ninapotengeneza kompyuta kuukuu hapa Kyela, kwani mifumo inayoziendesha nayo ina ukoo, mipaka na shida ya kuelewana.

Ndugu msomaji, tuanze na mpunga. Kwetu si kila kaya yenye mashine yake ya kukoboa. Kijiji kizima hupeleka mpunga kwenye mashine moja. Programu za kompyuta hufanya vivyo hivyo. Kazi ambazo nyingi huzihitaji, kama kujua saa au kufungua faili, huwekwa mahali pamoja panapoitwa maktaba ya pamoja. Nafasi haipotei, na kosa likirekebishwa hapo, zote zimepona. Lakini fundi akiigeuza mashine kimyakimya, kijiji kizima hulala njaa.

Sasa tuutazame ukoo wenyewe. Kutokana na mfumo wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1993 zilizaliwa NetBSD na FreeBSD. Mwaka 1995 OpenBSD ikajitenga na NetBSD. Katika jamii ya Linux, Ian Murdock alianzisha Debian mwaka 1993, nayo ikazaa Ubuntu mwaka 2004. Mifumo hii yote ni huria: mtu yeyote ana ruhusa ya kuichukua, kuibadili na kuigawa. Uhuru huo ndio unaozaa ndugu, na ndio unaoweza kuwafarakanisha.

Mtihani mkubwa ulikuja kwa njia ya saa. Mifumo hii huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na kwa miaka mingi hesabu hiyo iliwekwa katika biti 32. Chombo hicho kitajaa tarehe 19 Januari 2038. Hapana budi kukipanua. Lakini programu ya zamani ikikabidhiwa chombo kipya bila kuambiwa, itasoma tarehe za ovyo au kuanguka.

Kila ndugu alijibu kwa namna yake. NetBSD 6.0, mwaka 2012, ilipanua chombo lakini ikauacha mlango wa zamani wazi, programu kongwe zikaendelea kupita. OpenBSD 5.5, mwaka 2014, ilitangaza kuwa ya zamani yamekwisha na kila programu ijengwe upya. Mwaka 2024 mafundi wa Debian na Ubuntu waliifanya kazi hiyo kwa pamoja: maktaba zilizoguswa ziliongezewa alama t64 katika majina ya vifurushi vyake, ileile pande zote mbili. Kompyuta za Intel za biti 32 ziliachwa kama zilivyokuwa, ili programu zake za zamani zisife, ingawa saa yake itakwama mwaka 2038.

Simlaumu hata mmoja wao, kwa kuwa wote walitoa taarifa. Balaa ni kubadili kitu na kuliacha jina lake vilevile. Kwa mwenye fedha, kuvunjika kwa maktaba ni usumbufu wa jioni moja. Kwa shule ya kijijini inayonunua intaneti kwa kipimo, agizo la kupakua kila kitu upya linaweza kuwa ndiyo mazishi ya kompyuta yake. Kumbe mtu anayeulinda mlango wa zamani, huko mbali aliko, anamlinda mwanafunzi wa Ipinda asiyemjua.

Wahenga walisema ndugu ni kufaana, si kufanana. Sioni haja ya mifumo hii kuwa mmoja, kama nisivyoona haja ya Mngonde kuwa Mnyakyusa. Lakini kuelewana hakudumu kwa damu peke yake. Kunataka watu wenye subira, wanaokubali kazi isiyo na sifa: kuangalia, kabla ya kubadili neno, ni nani upande wa pili bado analitumia.