Jiwe la Bilauri katika Ibada ya Wahindu

Nilipokuwa seminarini dini ya Wahindu ilimalizwa kwa sentensi moja: wanaabudu mawe. Wazee wetu nao waliandikwa hivyo, na vitu vyao vikachomwa moto kabla mtu hajauliza maana yake. Basi leo tuulize juu ya jiwe moja tu, bilauri, ile tunayoisoma katika Ufunuo.

Kusini mwa Uhindi kuna hekalu kubwa la Chidambaram. Makuhani wake, Wadikshitar, wanatunza humo linga dogo la bilauri. Linga ni alama ya Shiva, isiyo na uso wala mikono. Kila siku kuhani hulimwagia maji, maziwa na msandali uliosagwa, kiisha hulirudisha mahali pake.

Kwa nini bilauri, wala si dhahabu? Walimu wao, na Shankara wa karne ya 8 kati yao, walipenda mfano huu: weka ua jekundu karibu na bilauri, nayo itaonekana nyekundu. Ondoa ua, utaona kwamba jiwe halikugeuka hata kidogo. Ndivyo ilivyo nafsi: furaha, huzuni, cheo, yote ni rangi ya jirani. Kumbe jiwe la darasani ndilo jiwe la hekaluni! Masimulizi yasema Shankara alipokea kwa Shiva malinga matano ya bilauri. Moja ni hilo la Chidambaram. Jingine liko katika monasteri ya Sringeri, na mkubwa wa watawa mwenyewe huliabudia usiku.

Tena Chidambaram wanahesabu ngazi tatu. Ya kwanza ni sanamu ya Shiva anayecheza: ina umbo. Ya pili ni linga la bilauri: lina umbo na halina, kwa maana jicho hupita ndani yake. Ya tatu iko nyuma ya pazia. Pazia likifunguliwa, huoni sanamu yoyote, ila majani ya dhahabu yaliyotundikwa mbele ya nafasi tupu. Bilauri ni ngazi ya katikati. Mwenye kusimama hapo hajafika.

Lakini tusidanganyane. Mama anayeleta mtoto mgonjwa hafikiri juu ya ua jekundu. Anataka nguvu ya jiwe. Padri gani hajaona jambo hilo kwa medali?

Myezuiti Roberto de Nobili alifika Madurai mwaka wa 1606, akajifunza Kitamili na Kisanskriti. Wenzake walimshtaki, kwa kuwa aliwaacha Wabrahmani waliobatizwa wavae uzi wao na wajipake msandali, ule ule unaomwagwa juu ya linga. Mashtaka yalidumu zaidi ya miaka kumi. Mwaka wa 1623 Baba Mtakatifu Gregorio XV aliwaruhusu, mradi waviache vyote vya ushirikina. Msandali wenyewe haukugeuka. Aliyeulizwa ni mtu anayejipaka, anakusudia nini.