Uhai Huanza Lini, na Nani Anauliza?

Tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya waliipitisha katiba yao mpya kwa takriban asilimia 67 ya kura. Ibara ya 26 ilikuwa miongoni mwa zilizobishaniwa sana. Kifungu chake cha pili kinatamka kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Cha nne kinakataza kuavya mimba, kisha kinaacha mlango: mhudumu wa afya aliyehitimu akiona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai ama afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Kwa sababu ya mlango huo viongozi wengi wa makanisa waliwahimiza waumini waikatae rasimu nzima.

Sasa fungua Kanuni ya Adhabu ya nchi hiyohiyo, iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza. Kifungu cha 214 kinasema mtoto huwa mtu anayeweza kuuawa pale anapokuwa ametoka mzima mzima, akiwa hai, katika mwili wa mama yake, awe amevuta pumzi au hajavuta, kitovu kiwe kimekatwa au bado. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ina maneno yaleyale katika kifungu cha 204. Isitoshe, ina kosa jingine la kumwangamiza mtoto anayeweza kuzaliwa hai, na hapo mimba ya wiki 28 huchukuliwa kuwa ushahidi wa kutosha mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kipimo hicho cha wiki 28 kimo katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1929.

Wako watakaosema sheria hizi zinagongana. Mimi naona kila moja inajibu swali lake. Jaji wa Kiingereza alitaka kujua kama aliyesimama kizimbani ni muuaji. Waandishi wa katiba walitaka kutamka nchi inathamini nini. Maswali hayo hayalingani, na jibu la moja halifai kupachikwa kwenye jingine. Mila kubwa za dini zililitambua hilo zamani sana, na inasikitisha kwamba mjadala wetu wa leo umelisahau.

Tuanze na fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, ambayo watu wa mwambao wameishi nayo kwa karne nyingi. Surat Al-Muuminun, aya ya 12 hadi 14, inaeleza kuumbwa kwa mwanadamu hatua kwa hatua: tone, pande la damu, pande la nyama, mifupa, mifupa kuvishwa nyama, kisha kiumbe kingine. Hadithi ya Ibn Mas'ud, iliyomo katika Bukhari na Muslim, inataja vipindi vya siku arobaini, na wanazuoni wengi wameifahamu kuwa roho hupulizwa baada ya siku 120. Wengi wetu tukishaitaja namba hiyo huwa tumemaliza. Mafakihi hawakuishia hapo.

Mtu akimpiga mama mjamzito na mtoto akatoka amekufa, fidia yake ni ghurra, inayokadiriwa kwa ngamia watano, ilhali dia kamili ni ngamia mia moja. Akitoka hai kisha akafa kwa pigo hilo, dia ni kamili. Katika mirathi, mume akifa na mkewe ana mimba, fungu la aliye tumboni huwekwa kando, lakini mwenyewe harithi mpaka azaliwe hai. Mimba ikiharibika baada ya miezi minne, kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii mtoto anaoshwa, anavishwa sanda na kuzikwa hata kama hakuonyesha dalili ya uhai. Eda ya mjamzito humalizika anapojifungua. Yaani mtoto mmoja aliye tumboni ana hadhi moja mbele ya mgawa mirathi, nyingine mbele ya muosha maiti, nyingine mbele ya kadhi anayepima fidia, na hakuna fakihi aliyeona aibu kwa hilo.

Hata kuhusu kutoa mimba hawakuwa na kauli moja. Wamaliki wengi walikaza tangu mwanzo. Baadhi ya Mahanafi waliruhusu kabla ya siku 120 penye udhuru. Ghazali, aliyekuwa Mshafii, aliandika katika kitabu chake Ihya kwamba kuiharibu mimba ni kosa tangu hatua ya kwanza, na kosa huzidi uzito kadiri hatua zinavyosonga, mpaka linapofikia ubaya wake wote mtoto akishazaliwa hai. Kwangu mimi hiyo ni moja ya kauli za busara zaidi katika suala hili lote: inakiri uzito wa mimba changa bila kuilinganisha na mtoto aliyekwisha kuzaliwa.

Wayahudi walifika karibu na hapo kwa njia yao. Mishna, mkusanyo wao wa kale wa sheria, katika sehemu ya Ohalot, inaamuru kwamba uzazi ukimwelemea mama hata akawa hatarini, mtoto akatwe tumboni, kwa kuwa uhai wa mama unatangulia. Sehemu kubwa ya mtoto ikishatoka, haguswi, kwani nafsi haisukumwi kando kwa ajili ya nafsi.

Kanisa la Roma nalo limelaani utoaji mimba tangu enzi za mwanzo, lakini lilipima uzito. Thomas wa Akwino, akimfuata Aristotle, aliamini roho ya kiakili haiingii siku mimba inapotungwa. Papa Sixtus V mwaka 1588 aliifanya kila mimba iliyoharibiwa kwa makusudi kuwa na adhabu ya mauaji. Miaka mitatu baadaye Gregory XIV akailegeza kwa mimba ambayo bado haina roho. Pius IX ndiye aliyeifuta tofauti hiyo katika adhabu za Kanisa, mwaka 1869. Na tamko la Vatikani la mwaka 1974 lilisema waziwazi kwamba linaliweka kando swali la roho kuingia lini: ikiwa kuna uwezekano tu kwamba huyu ni mtu, inatosha kuepuka kumdhuru, kama mwindaji asiyefyatua mshale kwenye kichaka kinachotikisika.

Hoja hiyo naiheshimu kuliko zote za upande wa wanaopinga utoaji mimba. Ni hoja ya dhamiri, na mwenye kuishi kwayo anastahili heshima. Lakini ikihamishiwa mahakamani hugeuka. Katika jinai, shaka humnufaisha mshtakiwa. Na katika chumba cha kujifungulia yuko mtu mmoja ambaye uhai wake hauna shaka yoyote, naye ni mama.

Watu huuliza: je, Uafrika wetu unasemaje? John Mbiti, Mkenya na kasisi wa Kianglikana, aliandika mwaka 1969 kwamba kuzaliwa kimwili hakutoshi, na kwamba mtoto huingizwa katika jamii kwa taratibu zake mpaka awe mtu kamili. Mnaijeria Ifeanyi Menkiti akaisukuma fikra hiyo mbele mwaka 1984, na Mghana Kwame Gyekye akampinga kwamba utu haungojei sherehe. Namuunga mkono Gyekye. Fikra ya Mbiti inaeleza vizuri jinsi jamii inavyompokea mtoto, ila ole wa nchi itakayoifanya kipimo cha haki ya kuishi, kwani mtoto mchanga wa juzi angebaki bila kinga.

Kinachotokea tamko moja linapobebeshwa kazi zote kilionekana Alabama, Marekani. Februari 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba viinitete vilivyogandishwa nje ya mwili ni watoto kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1872 kuhusu vifo vya watoto. Kliniki kadhaa zikasitisha huduma ya kupandikiza mimba, na waliokuwa wakitafuta watoto ndio waliorudishwa nyumbani. Machi bunge likapitisha haraka sheria ya kuzikinga kliniki. Swali la kama kiinitete ni mtoto halikuguswa.

Kenya iliumia kwa namna nyingine. Utafiti wa Wizara ya Afya na wenzake ulikadiria kwamba mwaka 2012 wanawake karibu 120,000 walitibiwa katika vituo vya afya kwa madhara ya mimba zilizotolewa. Desemba 2013 wizara hiyohiyo ikaondoa miongozo iliyowaeleza wahudumu lini wanaruhusiwa kusaidia. Msichana aliyebakwa akiwa na umri wa miaka 14 alitoa mimba kwa njia isiyo salama na akafa kwa madhara yake mwaka 2018. Juni 2019, katika kesi iliyomhusu msichana huyo, Mahakama Kuu iliamua kwamba kuondolewa kwa miongozo kulikuwa kinyume cha sheria.

Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 158 hadi 160, bado inataja miaka 14 jela kwa anayetoa mimba na miaka saba kwa mwanamke mwenyewe, bila kutaja sababu zinazoruhusiwa na Ibara ya 26. Mhudumu wa zahanati ya kijijini anaijua jela kuliko anavyoijua katiba, na humwambia mgonjwa aende kwingine. Bunge la Kenya liache kubishana kuhusu kifungu cha pili na liziandike sababu za kifungu cha nne ndani ya Kanuni ya Adhabu, kwa lugha ambayo muuguzi na polisi wataisoma sawasawa.